Korespondansi ya Tenke

Watoto wangu, mtu akija kwako akasema anataka kwenda Likasi na kurudi Kolwezi siku hiyohiyo, usimwulize kwanza anataka kuondoka saa ngapi. Mwulize anasafiri na nani. Saa utaisoma ukutani. Yule anayesafiri naye hakuandikwa popote, na mara nyingi ndiye anayeiharibu safari.

Nilikaa kwenye gishe ya gare ya Kolwezi tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka nilipoanza kutafuta miwani yangu huku nimeivaa. Gare ni stesheni ya treni, na gishe ni kile kidirisha cha kukatia tiketi. Watu waliniita Mama Gishe, sokoni na hata kanisani, na nadhani padri wetu alikuwa amekwisha sahau jina alilonibatiza nalo. Kwenye karatasi, kazi yangu ilikuwa kuuza tiketi. Kwa kweli kazi yangu ilikuwa kupanga safari za watu, na niliipenda kuliko nilivyoonyesha, kwa sababu mtu wa gishe akichekacheka sana abiria humwomba punguzo.

Ninyi mnapanda mabasi, mnafika mmejaa vumbi, mnasema mmesafiri. Sikatai. Lakini hamkuiona Tenke. Reli ya kwetu Kolwezi inakwenda mashariki mpaka Tenke, na pale porini inakutana na reli kubwa inayotoka Lubumbashi na Likasi kuelekea kaskazini, Kamina, hadi Kasai. Anayekwenda Likasi alishuka Tenke, akavuka jukwaa, akapanda treni nyingine. Kule kukutana kwa treni mbili tulikuita korespondansi. Nikishakata tiketi, nilizungusha mkono wa simu ya reli nikamwambia shefu wa gare ya Tenke, yaani mkuu wa stesheni, "Nina watu mu korespondansi." Hapo treni nyingine haikuwa na ruhusa ya kuondoka Tenke mpaka watu wangu wafike.

Hebu fikirini jambo hilo. Mama mmoja na kapu lake la mihogo, ambaye mjini hata mwenye duka haitikii salamu yake, anaweza kusimamisha chuma kirefu kama mtaa mzima, kikamngoja. Mimi nilikuwa nikishangaa kila asubuhi, na sikuzoea mpaka nilipostaafu.

Aliyenifundisha ni Tata Kabeya, mtu wa Kasai ambaye baba yake aliletwa zamani kuchimba shaba. Yeye alizaliwa hapahapa na hakuwahi kuiona Kasai. Alikuwa mnene, mpole, na alivaa tai hata Jumapili. Juma langu la kwanza nilipanga safari ya watu wa harusi kwenda Likasi, nikaona nimeipanga vizuri kabisa, kila mtu na kiti chake. Kumbe bwana mmoja, aliyemwoa dada wa bibi harusi, nilimketisha uso kwa uso na mama mkwe wake.

Ninyi wa leo mnacheka, lakini kwetu Waluba, wa Katanga na wa Kasai, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawatajani majina. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Tunaita bukwe. Si chuki hata kidogo. Ni heshima kubwa mpaka inataka nafasi katikati. Bukwe huondolewa kwa kuku au kwa mbuzi mbele ya wakubwa, na tangu siku hiyo wawili hao wanaweza kuonana. Familia nyingi hazina haraka. Wengine huondoleana siku ile tu ambayo mmoja wao anaagwa, kwa kuwa haifai watu kuachana moja kwa moja bila kuonana nyuso.

Basi bwana yule alipoingia akamwona mkwe, akatoka akasimama kwenye ngazi ya behewa, ameshika chuma, mvua ikimpiga mpaka Tenke. Na mama mkwe kule ndani, akijua nani yuko mlangoni, akakataa kushuka Tenke mpaka mlango uwe wazi. Bwana naye, ameugeuzia mlango mgongo, alikuwa akingoja aambiwe kwamba mkwe ameshuka ndipo ashuke. Wote wawili wakakosa korespondansi, na harusi ikafanyika bila mama wa bibi harusi. Tata Kabeya alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mbele ya kupanga treni, uliza kama kuko bukwe."

Nilijifunza mengine kwa kuumia. Wakati mmoja niliwaambia wanakwaya wa Kiprotestanti, "Mukishuka Tenke, treni yenu iko kuume." Wao wakashukia mlango wa upande wa pili, kuume kwangu kukawa kushoto kwao, wakapanda treni ya kaskazini huku wakiimba. Waliimba vizuri sana, nasikia, mpaka walipoona Likasi haifiki. Tangu siku ile sikutamka tena kuume wala kushoto. Nilisema upande wa tangi la maji na upande wa wauza kuku, maana tangi halihami na wauza kuku wa Tenke pia hawakuwahi kuhama. Nilimwambia mwenye watoto akae behewa la nyuma, kwa sababu lilisimama karibu na njia ya kuvukia. Mwenye maiti nilimpa treni ya asubuhi hata kama iligharimu zaidi, kwa kuwa wanaolia huchelewa kuvuka.

Kisha nchi ikaanza kuanguka, na reli ikaanguka nayo. Sitawapa hotuba. Migodi ya kampuni ilisinyaa, mishahara ikawa hadithi, waya za shaba za simu zikakatwa na kuuzwa, na ubao wa saa za treni ukabaki mweupe. Mimi niliyekuwa nasema kwa kujigamba treni itaingia lini, nikaanza kuwauliza wauza makaa waliokaa kando ya reli. Walijua. Waliweka sikio kwenye chuma, wakasema, "Leo inakuya," au, "Leo mulale." Simu ilizungumza siku moja, ikanyamaza siku tatu.

Halafu ukaja mwaka wa kufukuzana. Wakubwa walisema redioni na viwanjani kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na kazi zao, nyumba zao na viti vyao vya shule viwe vya wenyeji. Waliitwa bilulu, wadudu. Watu tuliobatizana nao watoto waliondolewa nyumbani kwa fimbo, na pahali pa kukimbilia palikuwa gare. Jukwaa langu la Kolwezi likajaa vitanda, cherehani, masufuria, wazee waliolala juu ya magunia, na wanawake waliojifungua nyuma ya mapazia ya bikwembe, yaani vitenge. Waliingoja treni ya Kasai siku baada ya siku katika baridi ya kiangazi chetu cha Katanga. Treni zikipatikana zilikuwa za mizigo, na njiani zilisimama popote kwa muda usiojulikana. Surua ilichukua watoto. Nilikaa nyuma ya kidirisha changu bila tiketi ya kuuza, kwa sababu waliokuwa wakiondoka hawakununua tiketi.

Tata Kabeya aliondoka na moja ya zile treni za kwanza. Alikuja gishe amevaa tai yake. Akanisalimu kama siku zote, akatazama kama nimefuta vumbi kwenye simu. Kisha akaaga kwa ajili yetu wawili.

Kwa hiyo mjue hali yangu ilikuwaje siku Ilunga aliponijia.

Ilunga alikuwa mchomeleaji vyuma wa karakana za kampuni, mtu wa kaskazini kama mimi, jirani yangu wa safu ya pili hapa mtaani Kapata. Mkewe Mbombo alikuwa Mkasai. Mwezi mmoja hivi kabla ya fujo walimpeleka binti yao mdogo Likasi kwa nkambo wake, yaani mama wa Mbombo, ili aachishwe ziwa huko, kama desturi. Mtoto akiwa mbali na titi la mama husahau upesi. Sasa Likasi nayo ilikuwa imechafuka, na yule mama alikuwa ametupwa gare pamoja na wengine, na mtoto mgongoni.

Ilunga alisimama mbele ya kidirisha akizungusha kofia yake mikononi.

"Mama Gishe," akasema, "bantu ya Likasi banapakiwa leo kesho. Nkambo iko pale na mutoto. Akipita Tenke na mutoto, njo basi. Mutoto iko mudogo, hataweza ile njia."

"Mbombo anasema nini?"

"Anataka kwenda yeye. Akiingia mu gare, habatamuacha arudie. Batasema na weye panda." Akaivaa kofia. "Nitaenda mi. Unipangie."

Nikauliza swali langu kama mashine, kabla sijafikiri. "Na bukwe?"

Akatazama chini. Bukwe ilikuwapo yote, nzima. Yule mama hakuwahi kumwona mkwe wake wala mkwe hakuwahi kumwona yeye, tangu posa. Tena mtoto alipewa jina la nkambo wake, Ngalula. Basi Ilunga hakuweza kulitamka hilo jina hata kwa binti yake mwenyewe. Alimwita Mama. Mtaa mzima tulizoea kumsikia jioni akiita, "Mama, kuya kula," na kitoto cha miguu mifupi kikitoka mbio.

Nikamwambia nitakwenda naye. Mimi nitampokea mtoto dirishani, yeye atakaa kando, na kila mtu atakuwa na heshima yake.

Nitawaeleza nilivyoipanga, kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua. Treni ya abiria ya kwetu ilikuwa bado inakwenda Tenke asubuhi, siku ambazo ilikwenda, na hapo iligeuza na kurudi Kolwezi mchana. Kwa hiyo tulihitaji treni ya waliofukuzwa iingie Tenke wakati yetu haijaondoka. Ikichelewa, tungebaki Tenke na mtoto wa mama Mkasai, mahali palipojaa vijana wenye fimbo. Ikiwahi, tungeikuta imekwenda. Nilizungusha simu mpaka bega likauma, na kwa huruma ya Mungu Likasi ikajibu. Mwenzangu wa kule alimtafuta yule mama jukwaani, akamwambia afunge kikwembe chekundu dirishani tupate kumtambua. Kisha wauza makaa wakaniambia siku. Walisema wauza makaa wa Fungurume, kituo kilicho kati ya Likasi na Tenke, wamesema, na hao wa Fungurume walikuwa wameambiwa na dereva.

Siku hiyo tuliondoka. Mbombo alikuwa amempa mumewe mfuko wa unga na kitenge kwa ajili ya mama yake. Tulipita kati ya watu waliolala jukwaani, na Ilunga akawa anasema samahani kwa kila mmoja, mpaka nikamvuta mkono. Njia nzima nilitazama nyasi kavu na moshi wa mashamba, nikihesabu moyoni kila kituo tulichosimama bila sababu.

Tenke, treni ile nyingine haikuwapo. Dereva wetu alikuwa amekwisha anza kutazama njia ya kurudi. Nikaenda ofisini kwa Tata Musonda, shefu wa gare, tuliyejuana naye kwa sauti miaka mingi kuliko kwa uso.

"Tata Musonda, nina watu mu korespondansi."

"Na treni gani?"

"Ile ya Likasi. Ya bale banafukuzwa."

Akanitazama kama mgonjwa. "Mama Gishe, ile treni haina saa. Treni haina saa, haina korespondansi. Weye unajua."

"Iko na bantu ndani?"

"Iko na bantu."

"Basi iko na korespondansi."

Alichukua kofia yake ya shefu, ambayo siku hizo hakuwa akiivaa kwa kuwa hapakuwa na cha kuivalia, akaiweka kichwani, akatoka. Nilimwona anakwenda kusimama mbele ya kichwa cha treni yetu, mikono nyuma, akizungumza na dereva mambo ya familia. Sikumwambia afanyeje. Nilibaki ofisini kwake kuweka sikio kwenye simu, kama alivyoniomba akitoka, ili tujue kama Fungurume imeiachia treni.

Ndiyo maana nilikuwa ofisini ilipoingia. Nilisikia kwanza breki, halafu sauti ya watu wengi mno. Nikatoka mbio.

Ilikuwa ndefu, mabehewa ya mizigo na mabehewa ya zamani ya abiria yasiyo na vioo, watu juu ya paa, watu ngazini, na kila dirisha lilikuwa na kikwembe. Vyekundu, vya maua, vya picha za watakatifu. Wamevitundika kuzuia jua, kukausha nepi, kuficha wagonjwa. Mimi na mwenzangu wa Likasi tulikuwa tumepanga alama nzuri sana kwa treni ya watu wachache. Sasa ilikuwa kama kumtafuta mtu kwa kusema ana macho mawili.

Vijana wenye fimbo walipanga mstari jukwaani. Amri yao ilikuwa moja, aliyepanda hashuki.

Nikaanza kukimbia kando ya mabehewa nikiita, "Ngalula! Mama Ngalula!" Wakajibu akina Ngalula wengi, kwa maana ni jina lao la kawaida, nyuso zikatokea huku na huku zikiwa na tumaini ambalo sikuwa nimewaletea. Kwa mbele niliona mgongo wa Ilunga. Naye alikuwa akiita. Hakuweza kuita jina la mkwe. Hakuweza kuita jina la mtoto. Aliita tu lile alilokuwa nalo.

"Mama! Mama yangu, eh, Mama!"

Wanawake wa treni nzima waligeuka. Mzee mmoja juu ya paa akaanza kulia, akidhani labda ni mwanaye anayemtafuta mama yake. Ilunga akaendelea kuita, sauti imepasuka, na kutoka behewa moja karibu na wauza kuku, kitoto kikapiga ukelele.

"Papa!"

Nilikuwa mbali. Kati yangu na dirisha lile kulikuwa na watu, mizigo, na fimbo. Niliona kila kitu na sikuweza kufika, na mpango wangu wote wa kuwa katikati yao ulikwisha pale.

Yule mama alipojua ni nani yuko nje, alifanya kile ambacho mikono na miguu yake ilikifanya maisha yote. Aligeuka. Mgongo ukaja dirishani. Ilunga naye aligeuka, akatupa mgongo kwa behewa, akaanza kurudi kinyumenyume, akipapasa hewa nyuma yake kwa mikono miwili. Yule mama akamfungua mtoto, akamtoa dirishani kwa nyuma, pia kwa kupapasa. Wote wawili wanatazama pengine. Mtoto akawa anaelea katikati, anachezesha miguu, hana habari.

Wanawake wa behewani wakaanza kuongoza. "Chini kidogo, mama. Tata, nyuma, nyuma tena. Kuume. Hapana, kuume yako." Nikasema moyoni, hata hapa kuume kuna shida.

Kijana mmoja mwenye fimbo akaona. Akaja kwa kasi akipiga kelele, "Nani anashuka? Nani anashuka pale?" Akafika. Akamwona mwanamume aliyetupa mgongo, akamwona mama aliyetupa mgongo, na mtoto katikati. Alikuwa Muluba kama sisi. Nilijua kwa chale za mashavuni. Akasimama. Fimbo ikashuka yenyewe. Kisha, nawaapia wanangu, yule kijana akageuza uso wake na yeye. Akawatupia mgongo, akasimama hivyo, akitazama tangi la maji, na wenzake walipotaka kuja akawaambia neno moja tu.

"Bukwe."

Wakasimama wote. Sijawahi kuona kitu kama kile, na nimeishi miaka mingi. Walikuwa wamefukuza watu, wamechoma nyumba, wamewaita wadudu. Lakini hawakuweza kupita katikati ya mtu na mkwe wake. Nilijiuliza, na bado najiuliza, kama mnaheshimu bukwe yao, mnamfukuza nani hasa?

Mtoto akafika mikononi mwa baba yake. Wauza kuku waliacha kuita wateja.

Ilunga akapitisha kwa nyuma mfuko wa unga na kitenge, akataka kuondoka. Ndipo sauti ya mwanamke mmoja mzee ikatoka behewani, kavu kabisa, kama mtu anayesimamia baraza.

"Weye bwana, ngoja. Huyu mama anaenda. Hatarudi huku. Mutaachana hivi bila kuonana?"

Ilunga akasema bila kugeuka, "Mama, mi sina kitu mu mukono. Unga na kikwembe ni ya mutoto yake."

"Njo maana. Ya kwako iko wapi?"

Hapo muuza kuku mmoja, mama mnene wa kabila la Wasanga aliyekuwa ameketi juu ya tenga lake asubuhi yote akiwauzia vijana wa fimbo, akainuka. Akavuta jogoo miguuni. Akaja akampachika Ilunga mkononi, upande usio na mtoto.

"Kamata. Utalipa siku ingine."

Ukazuka ubishi, na treni karibu kuondoka. Wanawake wa behewani waliuliza kama kuku wa mkopo anaondoa bukwe. Mmoja akasema hapana, sharti awe wa mkwe mwenyewe. Yule mwanamke mzee akaamua, "Iko mu mukono yake, njo yake." Jogoo akapiga mabawa, akampiga mtoto usoni, mtoto akalia, jogoo akapitishwa dirishani akiacha manyoya kwenye kola ya Ilunga. Wanawake wakampokea kwa vigelegele. Watu waliokuwa hawajala sawasawa kwa siku nyingi, ambao hawakujua kama watafika, walifanya sherehe nzima ya ukwe, na ushuhuda wake, na vigelegele vyake, pale kwenye dirisha lisilo na kioo.

"Bukwe inaisha," akatangaza yule mzee. "Geukeni."

Ilunga akageuka polepole. Mama Ngalula akageuka. Nilikuwa nimekwisha karibia, nikamwona. Uso mdogo, mkavu, macho makali. Alimtazama Ilunga kuanzia kichwani mpaka viatu, kisha akarudi juu tena bila haraka, kama anayechagua kitambaa dukani na wala hatanunua.

"Kumbe uko mufupi," akasema. "Mutoto yangu alinidanganya."

Behewa zima likacheka. Likafuatia la pili, kwa kuwa waliwapokeza wenzao maneno, na watu wa juu ya paa wakaulizana amesema nini, wakaambiwa, wakacheka nao. Ilunga alicheka na machozi yakimtoka. Yule kijana wa fimbo, mgongo wake bado umetugeukia, mabega yakawa yanamtikisika. Treni ikavuta. Ile treni ya waliofukuzwa iliondoka Tenke ikicheka, behewa kwa behewa, na mimi nikasimama pale mkono mdomoni. Yule mama hakupunga. Aliendelea kumtazama Ilunga tu, kwa macho mawili, mpaka nguzo zikamficha.

Tata Musonda akapiga filimbi, tukapanda yetu. Alikuwa ameishikilia muda wote kwa habari za shangazi zake.

Tulifika Kapata jioni, moshi wa majiko ya makaa ukiwa chini kwa ajili ya baridi. Mbombo alikuwa nyuma ya mlango, kwa sababu hakuthubutu kukaa mbele. Alimnyakua mtoto, akamnusa shingoni, akampapasa miguu, kifua, masikio, kama anayehakikisha hakuna kilichosahaulika Likasi. Kisha akauliza kama mama yake alikuwa mzima. Ilunga akasema mzima, na ulimi wake pia mzima.

"Alisema nini?"

"Alisema niko mufupi. Alisema ulimudanganya."

Mbombo akacheka. Alicheka kwa nguvu, sijamsikia akicheka hivyo tangu fujo zilipoanza, mtoto naye akacheka kwa kumwona mama yake. Halafu kicheko kikapungua, nikaona anafikiri. Akamtazama mumewe kwenye kola, pale kwenye manyoya.

"Alijua namna gani uko mufupi?"

Ilunga akajipangusa kola. Mimi nilitazama nje.

"Alikuangalia," Mbombo akasema.

"Aliniangalia."

"Mu macho?"

"Mu macho."

"Basi aliaga kabisa," akasema. Akamkalisha mtoto mkekani, akampa kikombe cha maji ashike. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwa, kama tunavyofanya siku ya msiba, akaketi chini.